Chupa Zako Nimezisafisha

Baba Watoto,

Sisi huku wazima. Kitindamimba ameota jino, na bomba la jikoni limeacha kuvuja tangu uhame.

Dereva uliyemtuma anakuletea mvinyo wako. Nasikia Jumamosi unawakaribisha wakwe wapya, wazazi wa yule aliyekuwa msusi wangu. Hongera.

Ulinifundisha mengi: mweupe hunywewa baridi, mwekundu hukausha ulimi, mtamu hungoja mwisho wa chakula. Siku nilipotia barafu kwenye mwekundu, ulinicheka mbele ya wageni. "Huyu bila kusoma lebo hajui kitu," ulisema. "Mimi naujua mvinyo kwa ulimi tu."

Nikakuamini, bwana. Nimezilowesha chupa zako zote kwenye beseni mpaka lebo zikabanduka. Sasa ni nyeusi tupu, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi.

Moja nimeimwaga, nikaijaza siki ya jikoni na kuiziba vizuri. Usisumbuke kuitafuta. Wewe jisifu kama kawaida yako, kisha mmiminie baba mkwe. Yeye ndiye atakayekwambia ni ipi.

Ni mimi, nisiyejua kitu,
Mama Watoto