Tufe Lako Limetoka Jasho

Mwamu Swaleh,

Nianze na lile ambalo ungeniuliza kabla hata ya kuitikia salamu: tufe lako la bolingi halijauzwa. Lipo. Ila halipo kama ulivyoliacha, na kwa kuwa wewe ndiye mwenyewe, ni haki yako kupata habari kamili.

Dada yangu Zuhura hajambo. Eda imekwisha, na duka la tairi pale Changamwe analisimamia yeye. Madereva wa malori wamemzoea, wanamwita "bosi". Wewe mume wake walikuita Swaleh tu, miaka yote.

Unajua mimi si mtu wa maneno mengi ya huzuni. Nimeripoti ajali, moto na mazishi ya watu nisiowajua, na kazi ilinifundisha kuandika nilichokiona na kuishia hapo. Basi hiki ndicho nilichokiona.

Siku tuliyokuzika, mfuko wa tufe ulikuwa bado kwenye buti la gari langu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikikupeleka kwenye ukumbi wa bolingi kule Kisauni tangu figo zilipokuzuia kuendesha. Nilimpelekea Zuhura baada ya khitma. Alilitoa mfukoni, akalifuta kwa upindo wa leso, akaliweka juu ya kabati la sebuleni. Ili lisibingirike alilikalisha juu ya kata, ile pete ya kitambaa ya kubebea ndoo kichwani. "Hapa hapa," alisema. "Na mtu asiliguse."

Mimi nililigusa mara moja. Dole gumba langu halikuingia hata nusu, na nililisikia lile neno lako: "Dole gumba lako ni muhogo wa Kilifi, mwamu. Nenda zako ukacheze bao." Zuhura aliniuliza kwa nini haliingii. Nikamweleza kwamba matundu yale matatu yalichimbwa kwa kipimo cha mkono wako, na hakuna mwingine anayeweza kulishika sawasawa. Nilidhani ninamweleza jambo la ufundi. Yeye alisikia jambo jingine. "Basi mkono wake umo humu," akasema, na tangu siku hiyo ikawa vigumu hata kulitaja tufe mbele yake.

Fundi Mwadime, wa ukumbi, yeye alilitaja. Asubuhi hupaka mafuta njia za mbao za kurushia, mchana huchimba matundu ya matufe, unamjua, hawezi kuona tufe zuri limelala. Aliniambia matundu yanaweza kuzibwa kwa utomvu wa plastiki unaoganda ukawa mgumu, kisha yakachimbwa mapya kwa mkono wa mtu mwingine. Nilimfikishia Zuhura. Jibu lake: "Mwambie Mwadime ashike adabu yake."

Nilimfikishia na Mwadime jibu hilo, neno kwa neno.

Nikikumbuka, mimi mwenyewe sikuwahi kuelewa ulichokipenda mpaka siku ile ya kwanza uliponichuchumaza kwenye mstari wa kurushia. Mimi niliona sakafu ya mbao inayong'aa, na pini kumi mwisho wake. Wewe ukasema, "Hiyo si sakafu. Hiyo ni barabara ya Changamwe. Tazama kwa taa." Nikatazama kwa upande, mwanga ukapita juu ya mbao, na nikayaona mafuta: mengi mbele na katikati, machache pembeni, na kule mwisho karibu na pini hakuna kitu. Ukanieleza kwa lugha ya tairi. Lori likipita pale tangi lilipovuja, dereva hata azungushe usukani vipi, linateleza tu mbele. Likifika penye lami kavu, tairi zinashika, na usukani wote uliozungushwa nyuma unalipwa hapo hapo. Tufe ni hivyo. Mkono unalizungusha, mafuta yanauficha ule mzunguko, na ukavu wa mwisho unautoa nje. Ukalirusha. Likaenda likipakana na mtaro wa kulia kama lililopotea, kisha likashika na kukata kona kuelekea pini, na hakuna mtu aliyekuwa karibu nalo.

Nimeona mengi katika kazi yangu. Hilo nilikuomba ulirudie.

Na ile wiki ya mafuta ya nazi! Mafuta ya njia yalikuwa yamekwama bandarini ndani ya kontena, na Mwadime, ili ukumbi usifungwe, akapaka njia moja mafuta ya nazi. Asubuhi yalikuwa maji matupu, yanang'aa vizuri. Kisha kiyoyozi kikawashwa. Tulipofika, njia imeganda nyeupe tangu mstarini, na ukumbi wote unanukia kichwa cha bibi harusi. Wewe ukarusha vivyo hivyo. Tufe likaanza kwa kusita, likachimba mkondo, likayumba, likafika kwenye pini limepakwa weupe kama kaimati la sukari. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mwadime anasema, "Mzee nisamehe, nilidhani mafuta ni mafuta," na wewe hukumsikia, kwa sababu ulikuwa umelala kifudifudi na kanzu yako, unauangalia ule mkondo. "Subhanallah," ulisema. "Tufe ni lile, mkono ni ule. Tazama linavyosoma!" Mwadime akauliza linasoma nini. "Chini," ukamjibu. "Linasoma chini."

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Joto lilipopamba moto mwaka huu, Zuhura alinipigia simu. "Kaka, njoo. Tufe linatoka jasho." Nilidhani ni unyevu wa kawaida. Nilipofika nilimkuta amekaa kiti cha mbali kabisa na kabati, tasbihi mkononi. Tufe lilikuwa na matone, madogo, mazito, mwili mzima, na kata chini yake imelowa. Nilipitisha kidole. Hayakuwa maji. Yalikuwa mafuta.

Nilimweleza yale uliyonieleza: kwamba ganda la tufe kama lako lina vinyweleo, linakunywa mafuta kidogo kila linaporushwa, na joto likizidi huyarudisha. Akauliza: "Kwa hivyo haya ni ya njia alizocheza?" Nikasema ndiyo. "Za hapa karibuni?" Nikamwambia za siku zote, yamechanganyika humo. Akainuka, akasogea, akaliinamia bila kuligusa. Mwamu, mimi nimekwenda kwa watu wengi kuwauliza waliofiwa wanajisikiaje, swali la kijinga ambalo wahariri hulipenda. Safari hii sikuuliza.

Nilimshauri tumwonyeshe Mwadime, tufe lisije likaharibika. Akakubali tulipeleke ukumbini, kwa sharti kwamba fundi aliguse mbele yake tu. Mwadime akaligeuza chini ya taa polepole, akapitisha ukucha, akasimama penye tundu la dole gumba. Hapo palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. "Mama," alisema, "tufe lisilochezwa, likipata joto na baridi, joto na baridi, hupasuka. Na likipasuka huanzia tunduni. Tukiliacha hivi litafunguka kama dafu."

"Nililiweka pazuri," Zuhura akasema.

"Uliliweka pazuri, mama. Lakini halitaki kukaa."

Akamweleza yote mawili: akiyaziba matundu, ufa utashika na tufe litaishi, lakini kipimo cha Mzee kitakwenda na hakirudi. Zuhura akanigeukia. "Wewe wasemaje?" Nikamwambia kweli, kwamba sijui. "Mwandishi mzima!" akanibeza, na ndiyo mara ya kwanza tangu ufe kumsikia akinifanyia maskhara. Kisha akalipakata tufe lako, akatia dole gumba lake katika tundu la dole gumba lako. Likazama lote, na nafasi ikabaki pande zote. Aliliacha humo kwa muda. Akalitoa.

"Jaza," akasema.

Kabla ya kujaza ilibidi mafuta yatoke, la sivyo utomvu haushiki. Mwadime alitaka kuifanya kazi hiyo mwenyewe. Zuhura akakataa, akalirudisha nyumbani. Nilimkuta uani na karai la maji ya moto na sabuni, tufe limezama, mafuta yanapanda juu na kutanda rangi rangi. Anayamwaga, anatia maji mengine, yanapanda tena. Sikujua kitu kigumu vile kinaweza kubeba kiasi kile. Wewe tuliokuosha tulikuwa wanaume, mimi mmojawapo, naye alikaa ndani na wanawake akisubiri. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka nilipomwona ameinama pale. Aliendelea mpaka maji yakawa meupe.

Mwadime alijaza. Utomvu wake haukulingana na rangi, kwa hiyo tufe lako la buluu sasa lina mabaka matatu yaliyopauka. Halafu akamwita Zuhura, akampima mkono, na akachimba matundu mapya juu ya mabaka hayo hayo. Membamba. Zuhura alisimama pale mashine ikilia na vumbi la tufe likimwagika, hakutoka nje. Mimi nilitoka.

Jumamosi iliyopita alicheza. Njia moja ilikuwa imepakwa mafuta dakika ile ile. Ya pili yake wageni walikuwa wameichezea tangu asubuhi na mafuta yamekwisha. Alianza na ile mbichi. Unajua wanawake wa kwetu hawana papara: alilirusha polepole, kama mtu anayemwachia mtoto mkono. Likateleza. Likateleza mpaka nikadhani, limekufa, maji ya moto yameliua. Halafu kule mwisho likashika. Mwamu, lilikata kona yako. Ile ile, ya kuchelewa na ghafla. Pini zikaruka.

Zuhura hakushangilia. Aliziba mdomo kwa leso.

Akaenda njia ya pili, akarusha vile vile. Likashika mapema mno, likaipita njia yote na kutumbukia mtaro wa kushoto bila kugusa hata pini moja. "Nimekosa wapi?" Nikamwambia hajakosa, njia imekauka. "Ati mkono ni huu huu?" Mkono ni huo huo. Hakuniamini, akarudi kwenye njia mbichi, likateleza na kukata, akarudi kwenye kavu, likaanguka. Akaenda na kurudi hivyo mpaka watu wa meza ya pili wakaacha chipsi zao wakamtazama. Kisha akaliinua tufe kwenye mwanga, akaniita. Lilikuwa na miduara ya mafuta kuzunguka ganda, na hakuna mmoja uliolala juu ya mwingine. Imeachana kidogo kidogo, kama ukili wa mkeka unaposukwa. "Kaka," akasema, "kila likizunguka linagusa chini kwa mahali papya." Hukuwahi kuniambia hilo. Labda ulidhani ninaliona.

Nikafungua mdomo kumwelekeza pa kusimama kwenye njia kavu.

"Nyamaza. Naitazama njia."

Akachuchumaa mstarini na buibui lake, akainamisha kichwa upande. Alikaa hivyo sana. Alipoinuka alisogea hatua ndogo kushoto, akarusha, na tufe likabaki kwenye masalio ya mafuta ya katikati, likashika kwa kuchelewa, likagonga. Pini moja ilitikisika, ikakataa kuanguka. "Mshenzi we!" akaitukana, ukumbi mzima ukasikia.

Mwamu, mimi naujua ubao wa sakafu uliokuwa ukisimamia. Nimekaa nyuma yako Jumamosi nyingi mno, siwezi kuwa siujui. Naweza kuuonyesha nikiwa nimefumba macho. Nakuahidi sitamwonyesha. Akiniuliza nitamwambia sikumbuki, na itakuwa habari ya kwanza ya uongo niliyoitoa kwa makusudi. Mahali pake tayari ameanza kupatafuta, na si pale pako.

Allah akuwekee nuru. Sisi tuko, tunacheza.

Mwamu wako,
Omari