Barafu Iliyokata Kona

Sumbawanga,
Jumapili, 14 Septemba.

Kwako Kaka Fabiani,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Msanzi, mgongo wa Mama umepata nafuu, na ulezi mmeshamaliza kupura. Mimi mdogo wako sijambo, nakula na nafanya kazi. Baridi ya mwaka huu imeninyoosha, ila sasa inapungua. Shemeji Rosina sikuulizi, maana yuko kwao Mpui tangu mwezi wa sita, na habari zake za karibuni ninazo mimi kuliko wewe.

Najua utashangaa, barua ya nini wakati simu unayo mkononi. Kaka, ningepiga simu ungenikatia kabla sijafika katikati, nakujua ulivyo. Halafu kuna mtu ameomba iwe barua. Inahusu jembe la Babu na jina la shemeji, kwa hiyo kaa kitako uisome mpaka mwisho.

Yaliyotokea unayajua, lakini nitayarudia. Jembe lile ni la chuma cha malungu, yale matanuru marefu ya udongo ya wazee wetu, na Mama alimkabidhi Rosina siku alipoingia nyumbani, kama yeye alivyokabidhiwa na Bibi. Mwishoni mwa mwezi wa tano wakapita wanunuzi wa chuma chakavu. Rosina akawauzia sufuria iliyotoboka na baiskeli mbovu. Siku chache baadaye jembe halikuonekana. Jumamosi ile ulisimama mbele ya jumuiya, rozari ikiwa imekwisha, ukasema mkeo kalipima jembe la ukoo pamoja na masufuria. Alilia na kuapa, ukamwambia aende kwao mpaka kumbukumbu zimrudie.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana mambo yote yamefumukia huko. Nasikia Mama anawaambia watu nachimba dhahabu. Sichimbi dhahabu! Nimeajiriwa na Dokta Zita, mwalimu wa chuo kikuu, mtaalamu wa miamba, na anachofuatilia ni barafu. Usicheke. Anasema zamani mno, kabla mtu hajakuwepo, nchi hizi zilikuwa kusini kabisa mwa dunia, na barafu nene kama mlima ilikuwa ikitambaa juu ya ardhi, ikisaga miamba. Nilimwambia Sumbawanga ya mwezi wa saba bado iko hivyo hivyo. Alicheka mpaka akavua miwani.

Barafu iliyeyuka, mzigo wake ukabaki. Kwenye kuta za makorongo tunakofanyia kazi, upande wa kuteremkia bonde la Rukwa, kuna tope la kale lililogeuka jiwe, na ndani yake mawe ya kila ukubwa yamechanganyika. Dokta alinifundisha kwamba mto huchagua, mawe makubwa unayaacha huku na mchanga unaupeleka kule, lakini barafu hubeba vyote na kuvibwaga pamoja. Mawe mengine yana mikwaruzo iliyonyooka, kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Na yale marefu, mengi yamelala yakifuata njia ya barafu. Basi kwenye kila ukuta unachagua mawe marefu hamsini. Jiwe huling'oi, unaweka dira karibu nalo, unasoma limeelekea wapi, unaandika. Ukikusanya kuta nyingi unapata njia ambayo barafu ilipita. Yohanes, kijana mwenzangu wa Chala, alikuwa na kuta zake, nami zangu. Nilijivuna kaka, sikufichi. Mtu aliyefeli jiografia kidato cha nne leo anaulizwa barafu ilipita wapi!

Mwezi wa nane Dokta akachora ramani. Mishale ya Yohanes yote ilinyooka upande mmoja. Yangu, kila ukuta, ilipinda kwenda mashariki, kana kwamba barafu ilifika kwangu mimi Eustaki ikakumbuka kitu ilichosahau nyumbani, ikakata kona. Dokta alifurahi sana. Akasema huenda palikuwa na mlima uliokwisha kulika, ukaizuia barafu na kuipindisha. Wiki mbili tulipanda na kushuka tukitafuta dalili za mlima huo, na wenzake wa chuoni alikwisha kuwaandikia.

Lakini ni mtu makini yule. Kabla ya kuliandika rasmi akatubadilishia kuta. Yohanes akapima zangu, mishale ikanyooka. Mimi nikapima za Yohanes, ikapinda. Dokta akazitazama zile karatasi, akanitazama mimi, akasema kwa upole kwamba kona hiyo haiko kwenye miamba, inatembea na mimi. Akauliza begini nina nini.

Begi langu nilikuwa nalivaa kifuani, nikiliegemezea daftari, na dira inakuwa hapo hapo. Aliniambia nilivue nilisogeze mbali. Sindano ya dira ikarudi upande wake, tukiiona wote watatu. Akaniomba nifungue. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikafungua, nikatoa kitenge, nikakikunjua.

Kaka yangu, lilikuwa jembe la Babu.

Nililichukua mimi, asubuhi ile niliyoondoka kuja kuanza kazi. Siku ya usaili Dokta aliniuliza kama kuna watu bado wanatunza vyuma vya malungu, nami nikajitia ujuaji nikasema kwetu lipo jembe, nitakuja nalo. Nilitaka nionekane mtu. Nilidhani nitalirudisha ndani ya wiki. Sikukuomba kwa sababu ungekataa, na Rosina asingethubutu kulitoa bila wewe kujua, ndivyo alivyolitunza. Wiki haijaisha ukanipigia kwamba Rosina kauza jembe na umeshamtangaza mbele ya jumuiya. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme. Ulikuwa umewaka moto, nikaogopa, nikasema pole kaka. Pole! Neno hilo linanichoma mpaka leo. Kila siku iliyopita kusema kukawa kugumu zaidi, hata Dokta sikumwonyesha tena. Na kwa kuwa chumba tunalala wawili, nikawa natembea nalo begini kila siku, miezi mitatu, nikidhani nalificha.

Dokta nilimweleza yote. Vipimo vyangu vyote amevifuta, na wenzake amewaandikia upya kwamba mlima haupo. Nilidhani atanifukuza. Akasema mawe yamesubiri muda mrefu, yanaweza kusubiri na wiki hii, ila huyo mwanamke wa Mpui anasubiri nini? Akanipa siku tatu.

Alhamisi nilifika Mpui. Shemeji alikuwa na mama yake wanachagua maharage. Nikapiga magoti, nikaweka jembe chini mbele yake, nikasema kila kitu. Hakuligusa. Halafu akaniuliza kama uliwahi kuniuliza mimi habari za jembe, ama mtu mwingine yeyote pale nyumbani. Nikamjibu kwamba mimi hukuniuliza, na sijasikia aliyeulizwa.

Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana. Alisema nikuandikie hivi hivi alivyotamka: kwamba Eustaki alichukua jembe, na jembe limerudi. Fabiani alichukua miaka kumi na mmoja ya ndoa yake, akaitupa kwenye mizani ya chuma chakavu, na swali hata moja hakuuliza. Akasema kinachomuuma ni hicho, si jembe.

Ameomba jambo moja tu. Barua hii uisome wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, Jumamosi, mbele ya jumuiya ile ile. Baada ya hapo, ukitaka kwenda Mpui, nenda. Kurudi hakuahidi. Alisema atakusikiliza, basi. Jembe analo yeye, na mimi sitamwomba alitoe tena.

Nisamehe kaka, nami nitakuja kusimama mbele yako unifanye utakavyo. Msalimie Mama, umwambie aache kulia, jembe lipo. Dokta Zita na Yohanes wanawasalimu.

Na ninyi wanajumuiya mnaosikiliza, Tumsifu Yesu Kristo. Mwizi ni mimi. Shemeji Rosina hakuuza kitu kisicho chake, wala hakusema uongo.

Kaka, hapo usishushe sauti. Rudia.

Mdogo wako,
Eustaki