Kilio Nilichokitoa Mbele ya Kamera

Guangzhou

Dada yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum. Mgongo unaendeleaje? Na shemeji, presha imeshuka? Mimi mwili mzima, moyo ndio sio. Simu zangu hupokei, kwa hiyo barua hii anakuletea Mama Rukia, mfanyabiashara mwenzangu anayerudi Tanga.

Najua uliiona ile sinema. Najua pia ulichosema: "Zuhura kauza kilio cha mama kwa Wazungu." Nisikilize kwanza, kisha unihukumu.

Yule mwongozaji, mama wa Kifaransa, alinikuta kwenye soko la nguo la Guangyuan Xilu nikibishana bei ya madera na laoban, bosi mwenye duka. Akasimama kunitazama mpaka nikamaliza. Akasema anatengeneza sinema za polepole, zisizo na bunduki wala nyimbo, watu wanatazamwa tu wakiishi. Alitaka niigize mchuuzi anayepigiwa simu kuambiwa mamake amefariki. Hakujua, dada. Sikuwa nimemwambia mtu.

Nilikubali nikidhani ni mchezo tu. Nilipoweka simu sikioni, nikasikia sauti yako ya siku ile: "Mama ametutoka. Tunazika alasiri." Siku ile sikulia. Kontena lilikuwa linafungwa. Nikasema inna lillahi, nikarudi kwenye marobota. Kumbe kilio kilikuwa kinanisubiri. Kikatoka pale, mbele ya watu nisiowajua, nikamwita mama kwa jina lake. Walipozima kamera, mimi sikuweza kunyamaza.

Ufaransa wakaisifu sinema ile. Wakaniita mwigizaji chipukizi. Mwezi uliopita yule mwongozaji akanipigia: sinema ya pili, safari hii huko kwao Paris, na viza wangeshughulikia wao. Niliruka dukani kama mwendawazimu.

"Naigiza nani?" nikauliza.

"Binti anayemwosha mama yake aliyekufa."

Nikamwambia, "Hakuna mahali pa kucheka? Nyumbani mimi ndiye mchekeshaji."

"Zuhura, watu wanakupenda ukiwa na huzuni."

Nikamwambia siwezi. Wiki iliyofuata akaandika kwamba amempata msichana mwingine. Basi, ikaisha hivyo. Sitakudanganya, naumia. Niliipenda kazi ile kuliko madera, kuliko chochote nilichowahi kufanya. Sasa nikipita na mizigo soko la Shahe, hakuna anayesimama kunitazama.

Lakini ningemwosha vipi mama wa sinema, na wa kweli sikumwosha? Ulimwosha wewe. Hujanisimulia, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Nisalimie shemeji na wanangu wote wawili. Shangazi Bi Tatu mwambie dua zake nazihitaji.

Dada, niambie. Nani alikushikia maji? Uso wa mama ulikuwaje? Kama kuandika ni kuzito, pokea simu tu. Sitajitetea. Nitasikiliza mpaka umalize.

Mdogo wako uliyemlea,
Zuhura