Pilau la Waziri na Arobaini ya Mama

Jumanne, 1 Julai

Waziri kajiuzulu! Yule yule aliyekuja Lindi mwezi wa tano akapanda jukwaani na kutangaza: hakuna kupika misibani, hakuna hitma ya kula, hakuna harusi ya masinia, mpaka kipindupindu kiishe. Mzee wa Marufuku, watu walivyombatiza. Leo nimeamka video iko kwenye simu ya kila mtu. Harusi ya mwanawe. Yeye kaketi mkekani, kanzu nyeupe pee, mkono ndani ya sinia la pilau na wenzake watano. Anacheka! Mchana redio ikasema ameomba radhi na ameachia ngazi.

Habari imenikuta kibarazani kwa mzee Abilahi. Nilimpelekea vidonge vya kutibu maji, ndiyo kazi yangu hapa Kiranjeranje — mhudumu wa afya wa kijiji, fulana ya bluu na kipaza sauti. Alikuwa anamenya ming'oko, viazi vya porini. Akasikiliza mpaka mwisho, akazima redio. Akarudia kumenya.  Mwezi wa tano mkewe alipofariki, mimi na mtendaji wa kijiji tuliingia uani kwake tukamwaga masufuria mawili ya wali, bado ya moto, mbele ya wageni wake. Ndugu zake walitaka kunipiga. Yeye akawaambia, mwacheni, anafanya kazi yake. Tangu hapo ananitetea kuliko hata kaka yangu wa tumbo moja.

Leo nimemuaga, ameitikia kwa kichwa tu.

Jumatano, 2 Julai

Kijiji kizima ni pilau la waziri. Kwenye mnada wa ufuta hakuna aliyezungumzia bei. Kundi moja linasema ana haya huyo, wengine wangekomaa na kiti. Kundi lingine linasema haya gani, kaona kamera tu. Vijana wa bodaboda wanaamkiana, "Mheshimiwa, umenawa?" Kisimani mama mmoja aliyezika mwanawe bila hata chai ya wachimba kaburi ametema mate chini akaondoka na ndoo tupu.

Nilipopita na kipaza sauti, jamaa mmoja akapiga kelele: na wewe Umi unaachia ngazi lini? Nikamwambia achimbe choo kwanza, halafu aje tuzungumze ngazi. Wakacheka sana. Nilicheka na mimi, lakini moyoni nimeumia.

Alhamisi, 3 Julai

Restuta, nesi wetu, ana wagonjwa wapya wawili zahanati. Anasema marufuku bado ipo, aliyeondoka ni waziri, ugonjwa haujaondoka. Sawa. Nimekwenda kwa mtendaji tupange mzunguko. Ati twende taratibu, watu wana hasira. Ati ana mafua. Mafua!

Kwa hiyo nimebaki peke yangu na kipaza sauti chenye betri mbovu.

Ijumaa, 4 Julai

Shamte amekuja baada ya swala. Kaka yangu akija na kofia mkononi najua ana jambo. Arobaini ya mama ni Jumamosi ya wiki ijayo, anataka tupike. Nikamwambia unajua kabisa mimi ni nani katika kijiji hiki. Akasema, "Najua. Wewe ni mtoto wa marehemu."

Tumegombana mpaka majirani wakasimama. Anasema tulimzika mama kama watu wanaoficha kitu. Watu kumi, swala, udongo, kila mtu kwake. Mama! Aliyepikia misiba ya watu toka Mingoyo mpaka huku! Nikasema ugonjwa bado upo. Akasema ugonjwa ulikuwepo pia harusini kwa waziri, mbona wageni wake hawakufa?

 Nimelia baada ya yeye kuondoka. Naandika ukweli kwa kuwa hakuna wa kuusoma — nataka ipikwe. Nataka sana. Nataka watu wakae uani kwa mama wale washibe, waseme Mungu amrehemu.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Leo wamepika mchana kweupe, harusi mbili. Mtendaji amepita hapo hapo, macho kwenye simu, kama mtu anayesoma Yasini. Mafua yamepona. Nimesimama na kipaza sauti changu, na kabla sijafungua mdomo mama wa bi harusi akaniletea sahani! Kwa heshima zote. "Karibu dada Umi, marufuku imejiuzulu."

Nimekataa. Nimerudi nyumbani nikala muhogo mkavu kwa hasira.

Jumanne, 8 Julai

Wajomba wamekuja, wakakaa, wakaniangalia. Nimekubali.

Nimeweka masharti. Maji yote yachemshwe. Ndoo ya kunawia na sabuni mlangoni, mimi mwenyewe nisimamie. Masinia yaoshwe kwa maji ya dawa. Nikasema na kila mtu sahani yake. Hapo Shamte akapandisha sauti: sahani ni hotelini, arobaini ya mama italiwa kwenye sinia. Wajomba wakaguna upande wake. Basi, sinia. Nimeshinda mengine yote, hilo nimewaachia.

Nahisi nafuu na nahisi aibu, vyote pamoja.

Alhamisi, 10 Julai

Zahanati hakuna mgonjwa mpya tangu Jumapili. Hata mmoja! Nimefurahi kupita kiasi. Restuta ameniuliza ni kweli ninayosikia? Nikasema ni familia tu, kidogo. Hakunigombeza. Amenipa sabuni mche mzima na dawa ya maji, akageukia kazi zake. Bora angenigombeza.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekwenda kumwalika Abilahi mwenyewe. Ningemtuma mtu, ila nimeona si adabu, baada ya yaliyopita. Nimemkuta anafagia. Shikamoo, marahaba, nimetoa ujumbe. Akaegemea ufagio. Akauliza, kwa hiyo imeruhusiwa?

Nikasema kwetu tutachemsha maji, kila kitu kitakuwa safi.

"Sikuulizi maji, mwanangu. Nakuuliza wewe, kuna usalama?"

Nikasema upo. Akasema kama wewe umesema, atakuja. Harusi zile mbili hakwenda, alikuwa anasubiri anisikie mimi. Nimetembea kurudi nyumbani nikijiuliza kama nimesema kweli. Lakini maji yatachemshwa. Yatachemshwa!

Jumamosi, 12 Julai

Niko zahanati, nimekaa sakafuni, alasiri. Restuta ananiambia kaa hapo mshikie chupa ya dripu. Naandika kwa mkono mmoja.

Asubuhi yote ilikwenda vizuri. Hitma ikasomwa, watu wakanawa mmoja mmoja mbele yangu, hata wajomba. Abilahi alinawa mpaka kwenye viwiko, akakaa sinia la kwanza. Mtu hajatia tonge kinywani, Sipriani akaingia kwa nyuma, kwenye uwazi wa ua. Mtani wetu. Sisi Wamwera, yeye Mmakonde, na msiba bila mtani ni msiba nusu. Siku ya maziko alizuiwa, kwa hiyo leo alikuja na hasira za siku zote hizo. Alikuwa ametoka Njinjo kununua ufuta, vumbi limemjaa. "Mmemzika bibi yangu kimya kimya kama kuku wa wizi! Hakuna anayekula kabla yangu!" Akapita sinia kwa sinia, akimega tonge hapa, akinyang'anya mnofu pale, anakula, anarudisha nusu, anachovya kikombe kwenye ndoo ya maji ya kunywa mpaka mkono umezama. Watu walikuwa hoi kwa kicheko. Ndivyo mama angetaka. Uso wa Shamte uling'aa, sijamwona hivyo tangu msiba.

Sipriani hakunawa. Nilimwona. Nilikuwa nimeshika sabuni mkononi! Lakini nani anamwambia mtani anawe mikono siku ya arobaini? Nilicheka na mimi.

Walipokuwa wanamalizia, akaanguka karibu na mafiga. Akashika tumbo. Anakufa, tumpeleke zahanati. Basi watu ndiyo wakazidi! Shamte akamwambia afe haraka, sanda ipo. Akina mama wakamfunika kanga wakaanza kumlilia, uwii, Mmakonde wetu, ametuachia deni! Mtani anajifanya maiti, si tumeyaona misiba yote? Akanitafuta kwa macho. "Dada Umi, si utani. Haki ya Mungu, si utani." Wakacheka zaidi. Mtani gani husema ni utani?

Nikainama kumfunua kanga, na mimi bado meno nje. Chini yake udongo umelowa. Maji meupe, kama yaliyooshewa mchele. Macho yamezama. Nikamfinya ngozi ya mkono, ikabaki imekunjika.

Nikapiga kelele, acheni kula! Nikachukua kipaza sauti. Wakanicheka na mimi, wakadhani nimeingia kwenye mchezo, mmoja akasema Mzee wa Marufuku karudi. Ilipowaingia, masinia yalikuwa yamebaki mifupa. Abilahi alikuwa analamba vidole.

Restuta anasema Sipriani anaharisha tangu jana, alikuja hivyo hivyo kwa ajili ya mama. Alimpenda mama. Ee Mungu wangu.

Jumapili, 13 Julai

Sipriani yu hai, amekunywa uji. Nimezunguka nyumba kwa nyumba tangu alfajiri, kila aliyekula: kunywa maji ya chumvi-sukari ukianza kuharisha, njoo zahanati mapema, usingoje. Wananiitikia kwa mzaha. Mmoja ananiambia tumbo lake si la Kimakonde. Mwingine anauliza, jana ilikuwa halali, leo imekuwa haramu? Wengine wamenifungia mlango. Nimesema sana mpaka sauti imekauka.

Abilahi alikuwa shamba. Nilimwachia jirani ujumbe. Sijui kama umefika.

Shamte haongei na mimi, ati nimeiaibisha arobaini. Saa kumi mkewe kaletwa kwa bodaboda, wifi yangu, amelegea kama nguo mbichi. Sasa Shamte anaongea. Analia na kuongea.

Mtendaji amewaambia wakubwa wa wilaya kule Masoko kwamba hakuwa na taarifa ya shughuli yoyote.

Jumatatu, 14 Julai

Zahanati imejaa, wengine wako kwenye mikeka nje. Wote ni wa masinia yetu. Nilikuwa nachanganya maji ya chumvi-sukari, jirani yake Abilahi akaja mbio: mzee anatapika tangu usiku na hataki kufungua.

Nimekuja kwake na bodaboda na jagi la maji hayo. Mlango una komeo kwa ndani. Nimebisha. Shikamoo mzee. Akaitikia marahaba, kwa mbali, huyu mtu hata leo hawezi kuiacha shikamoo ya mtu bila jibu. Nikasema nimekuja kukuchukua.

Akasema haendi na mimi.

Nikasema mzee, utaishiwa maji, nakuomba. Nikasikia anajikokota, amekaa upande wa pili wa mlango, nasikia pumzi yake. Anaongea polepole. Anasema wali wa mke wangu uliumwaga, nikanyamaza, nikajua unatulinda. Juzi nikakuuliza wewe, si mwingine. Ukaniambia nije nile.

Nimemwambia nimekosa, nisamehe. Anasema amesamehe. Lakini aje mtu mwingine. Yeyote.

Yupo nani? Restuta hawezi kuwaacha walio kwenye dripu. Simu ya mtendaji haipatikani. Ndugu zake wako Njinjo. Nimemtuma bodaboda akamlete Shamte, labda Shamte atamsikiliza, au wavunje mlango. Nimesukuma jagi mpaka kwenye upenyo wa chini, penye ubao uliovunjika, anaweza kutoa mkono akalishika.

Nimemwambia mzee, maji haya hapa, kunywa kidogo kidogo tukisubiri.

 Halafu akauliza, maji hayo amechanganya nani?

Nikasema, mimi.

Sijasikia jagi likisogea. Nimekaa chini na mgongo ukutani, nabisha kila baada ya muda, namwita, naandika ili mikono ipate kazi. Mara ya mwisho aliitikia. Nimebisha tena sasa hivi.