Mitamba ya Sengerema

Mama Kabula,

Nilikuficha jambo, na sitaki kukufuata huko nikiwa nalo. Wale mitamba niliowapeleka Sengerema, nilikuambia nimewaweka tu kwa watu, kama babu zetu walivyofanya: mchungaji anywe maziwa, mwenyewe abaki na ng'ombe na ndama. Si kweli. Niliwapa kabisa.

Unakumbuka ulivyonicheka nilipowapelekea hata wale waliokimbia vita ng'ambo ya mpaka? "Mzee wewe, watu wasioweza hata kutamka jina lako!" Nikacheka nawe, nikanyamaza. Ningesema ukweli, tungelala mzungu wa nne mwezi mzima.

Mke wangu, udaktari wa mifugo ulinipeleka nchi ambako mbwa ana daktari wake wa meno. Nililipwa kama wenyeji, na mpaka leo pensheni inatoka huko. Niliipenda starehe ile, sikatai. Lakini nilikuwa nimeshaona mtoto aliyekosa kikombe cha maziwa anavyokuwa. Mtu aliyeona hivyo, kisha akawa na vingi, anachotoa asikiite ukarimu. Ni wajibu, kama kumwamkia mkubwa. Nani hupongezwa kwa kusema shikamoo?

Tangu uondoke miguu imenikatalia. Kabula ananinywesha uji. Mwezi uliopita Masanja alikuja ameshakodi lori. "Baba, kabla hujatutoka, tukawachukue ng'ombe wetu." Nikamwambia hakuna wa kuchukua. Mwanao akawaka. "Umegawa urithi wetu kwa wageni?" Akaondoka na lori lake hivyo hivyo, kwenda Sengerema. Nililala hapa nikiwawaza wale akina mama niliowapa mitamba, kwamba kimya changu ndicho kitakachowanyang'anya. Sijawahi kuogopa kifo hivyo.

Alirudi na lori tupu. Akakaa kitandani kwangu, akaanza kucheka mpaka machozi. Kumbe alipofika, kabla hajajitambulisha, mama mmoja mkimbizi alimtazama alivyojaa vumbi akamhurumia. "Mwanangu, pole. Na wewe umekuja kuomba mtamba? Wenzako wametangulia, subiri zamu yako." Akampa maziwa mgando. Mama Kabula, kila aliyepokea amempa jirani ndama jike wa kwanza, na jirani naye akampa mwingine. Sikuwaagiza! Masanja alitembezwa zizi kwa zizi mpaka jua likazama, na aliona aibu kutaja lori.

Nilipiga kigelegele, mimi mwanaume mzima, mapafu haya mabovu. Kabula alidhani nakata roho.

Basi kwaheri ya muda, mpenzi wangu. Nikifika utanigombeza, nakuahidi nitakusikiliza mpaka umalize, bila kukukatiza hata mara moja. Ila anza kujiandaa, maana limebaki moja. Kile kiwanja cha Ilemela, cha juu ya mawe, ulichosema tusikiguse kamwe, tumekiuza juzi tununue mitamba zaidi. Aliyetoa wazo ni Masanja.