Mizunguko Hamsini na Miwili

Jumatatu, 3 Machi

Barua imekuja. Yaani si barua, ni ujumbe wa simu, lakini nimeusoma mara sita, kwa hiyo ni barua. Chuo cha ufundi kimekubali kunipima kwa ujuzi nilionao. Nikifaulu napewa cheti bila kukaa darasani miaka miwili, naingia diploma moja kwa moja, na diploma ikiwa nzuri — chuo kikuu. Uhandisi wa umeme. Mimi! Niliyemaliza elimu ya lazima kwa alama zisizosemeka mbele ya wageni.

Mama akasema Mungu mkubwa, kisha akauliza kama Mjomba anajua.

Hajui.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anapiga kabari za kubana waya kwenye mota ya pampu, hakuinua kichwa. Akauliza hao watakaonipima wamesuka mota ngapi maishani mwao. Miaka mitano niko naye hapa karakana, tunasuka upya waya wa mota zilizoungua, na bado anajua pa kunishika.

Lakini saa tisa nilimsikia akimwambia fundi baiskeli wa jirani kwamba mpwa wake anakwenda kuwa injinia. Alidhani niko nje.

Alhamisi, 6 Machi

Fomu. Kurasa kumi na nne! Wanataka daftari la kazi kumi na mbili: mota ya nini, iliungua kwa nini, waya wa unene gani, kila koili ya waya ina mizunguko mingapi. Kila kazi isainiwe na msimamizi. Msimamizi ni Mjomba, nani mwingine.

Alisoma polepole, miwani imeshuka puani, mpaka alipofika kwenye mizunguko. Akafunga.

"Kazi andika zote. Namba zangu usiandike."

Nikamwambia ndizo zinazotakiwa. Akasema siri ya mtungi aijuaye kata, na hajawahi kuona kata ikijaza fomu.

Namwelewa, hilo ndilo baya. Kiwandani mota husukwa kwa umeme kamili. Huku, wanaokaa mwisho wa laini, jioni umeme huwafikia umepungua, taa zao hugeuka njano na mota zao huungua. Mjomba hupunguza mizunguko na kutia waya mnene kidogo. Apunguze mingapi, kwenye mota ipi — hapo ndipo penye kazi. Alijifunza kwa kuunguza. Hajaandika popote, yote yako kichwani. Wanafunzi wake wawili wa zamani wamefungua karakana ng'ambo ya barabara, na hizo namba ndizo wasizozipata.

Mimi ninazo. Si zote. Nyingi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemkasirikia. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia.

Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja yuko mwaka wa pili chuo kikuu. Akija likizo ananiuliza kama bado niko kwa mjomba, kwa sauti ya mtu anayeulizia ugonjwa. Wateja nao wakiingia wakaona msichana wananiuliza fundi yuko wapi, na mota yao nimeishika mimi mkononi! Nataka hicho cheti.

Na shule iliponitema, ni nani aliyenipa kiti? Hakuniuliza hata alama.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata njia.

Kabla ya kutupa waya ulioungua lazima uhesabu mizunguko iliyokuwemo. Hiyo si ya Mjomba, ni ya kiwanda. Basi kwa kazi kumi na moja nimeandika ya kiwanda. Fomu imeuliza mizunguko mingapi, haikuuliza ya nani. Si uongo. Karibu si uongo.

Mjomba amesaini zote kumi na moja. Alisoma kila ukurasa, akafika kwenye namba, akanitazama, akasaini. Baadaye akaniwekea chai mezani bila kuombwa. Kwa Mjomba hiyo ni hotuba.

Kazi ya kumi na mbili nitaifanya mbele ya mpimaji atakayetumwa na chuo.

Jumapili, 16 Machi

Sikufanya lolote. Mama anasema nimekonda. Nimekonda wapi?

Jumatano, 19 Machi

Mpimaji amefika. Kijana, viatu safi, anamwita Mjomba mzee na anaomba ruhusa kabla ya kugusa kitu. Nilitaka awe mtu wa kuchukiza, ingenisaidia.

Alipita kwenye rafu akachagua mwenyewe: mota ya mashine ya kusaga. Nikakata waya ulioungua, nikapasha moto, nikavua, nikahesabu koili moja mbele yake. Hamsini na sita. Akaandika.

Mwenye mashine anakaa mbali, kupita transfoma ya mwisho kabisa. Wale wa ng'ambo wameshamsukia mara mbili, na mara mbili imeungua.

Alhamisi, 20 Machi, saa saba na nusu mchana

Naandika kwenye benchi. Nina nusu saa.

Asubuhi nilianza kusuka. Koili ya kwanza, mkono ukasimama kwenye hamsini na mbili. Haukukosea. Nilijua nilipo. Hamsini na sita ni ya kufaulu, hamsini na mbili ni ya yule mwenye mashine. Nilikaa nimeshika waya, nikajiambia ongeza minne tu, nani atakufa. Sikuongeza. Koili zote nimesuka hivyo.

Mpimaji alihesabu kwa ncha ya kalamu. Akarudia.

"Hapa pana hamsini na mbili, dada. Kitabu kinasema urudishe kama ulivyokuta. Ni kosa, au una sababu?"

Nyuma yake Mjomba alikuwa anapiga tupa. Tupa ikanyamaza.

Nikaanza kuokota vipande vya waya mezani. Mpimaji akanionyesha kisanduku cha maelezo chini ya ukurasa. Sababu ikieleweka, nimefaulu. Kikibaki kitupu, ni kosa, na upimaji mwingine ni mwakani. Akaongeza kwamba wakipata maelezo mazuri chuoni huwa wanayafundishia. Alidhani ananitia moyo! Kisha akaenda kula.

Tulibaki wawili. Nikasema, "Mjomba, naweza kuandika nilikosea kuhesabu."

"Hukukosea."

Sijui alikuwa ananisifu au ananikataza. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akachukua kofia. Akasema anakwenda kununua vanishi ya kupaka koili, na huenda akachelewa.

Vanishi ipo. Makopo mawili nyuma ya mlango, nimeyafungua yote kuhakikisha, yamejaa. Na Mjomba hajawahi, miaka mitano yote hii, kutoka karakana kazi ikiwa mezani na mgeni yuko njiani kurudi.

Nimemchungulia dirishani. Hakuelekea madukani. Amekaa kwa fundi baiskeli, ametupa mgongo huku.

Naona haya. Naogopa. Na nina hasira tena, kwa sababu angesema tu andika, au angesema tu usiandike, ningejua pa kushika.

Saa nane kasoro. Mpimaji anavuka barabara. Amempita Mjomba, wameamkiana, Mjomba hakugeuka.

Kwenye kisanduku nimeandika maneno matatu ya kwanza ya sababu: Umeme wetu huku