Kila Ijumaa

Mdogo wangu Profesa,

Salamu. Mama anatembea vizuri sasa, na ile cherehani kubwa nimeibadilishia mkanda. Mimi ni mzima wa mwili.

Juzi kompyuta ya dukani ilidai toleo jipya la ule mfumo wa bure uliotuwekea. Nikachomeka flashi uliyonitumia, nikafuata agizo lako: "Dada, ikikuuliza chochote, wewe kubali tu." Ikauliza kama ifute kila kitu. Nikakubali. Ilipowaka tena ilikuwa safi kama sahani iliyolambwa. Mitindo ya wateja imekwenda, na sauti ya baba pia, ile aliyorekodi akiwa hospitali, ambayo mama huisikiliza akinywa chai ya asubuhi.

Sikulia. Nilijua ipo diski ya akiba uliyoichomeka nyuma ya mashine. Miaka mitatu nakuuliza, "Nakala zinawekwa?" nawe unajibu, "Kila Ijumaa, dada, nahakikisha mwenyewe. Wewe lala." Nikaipeleka kwa fundi wa simu hapa jirani. Akaifungua, akanitazama, akasema kwa upole, "Mama, hii haijawahi kuwekwa kitu tangu inunuliwe."

Kosa la kubonyeza ni langu, nalibeba. Lakini Ijumaa zote zile, mdogo wangu, ulikuwa unanidanganya ili upate nini?

Mimi usiniombe radhi. Mama ameuliza sauti iko wapi, nikamwambia unayo wewe. Atakupigia asubuhi, chai ikiwa mezani.

Ni mimi,
dada yako uliyemwambia alale.